Rulo haikamui maji

Papa kapita, msimamizi wa vibarua, ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa amesimama nyuma ya rulo, ile mashine ya kushindilia udongo, mikono mgongoni, kama mzee anayemtazama mtoto wa jirani akikosea na hajaamua kama atasema kitu. Rulo ikipita, ardhi mbele yake inanyanyuka kidogo. Ikishapita, inashuka taratibu. Hakuna kilichoshindiliwa. Akapiga kisigino chini mara mbili.

"Shefu," akasema, "huyu bulongo iko inacheza. Iko sawa matela."

Bulongo ni udongo; matela, godoro. Wafaransa nao wamelipa tatizo hili jina lililotoka kwenye neno hilohilo la godoro, na mafundi wanalisoma darasani. Papa kapita hakulisoma popote. Alilipata kwa kisigino cha buti.

Ilikuwa Januari, hapa Lubumbashi, kwenye kiwanja cha ghala kando ya barabara ya Kasumbalesa, upande ule ambao ardhi inateremka polepole kuelekea mto Kafubu. Kiwanja chenyewe si kikubwa: mita 40 kwa 25. Kilitakiwa kupandishwa kwa matabaka manne ya kifusi, udongo mwekundu wa mfinyanzi uliochimbwa upande wa juu wa kiwanja hichohicho. Matabaka mawili ya chini tuliyamaliza Oktoba bila neno. Kisha mteja akachelewa kulipa, mashine zikaenda kwa mwingine, na ziliporudi mvua ilikuwa imeshafika. Anayeishi hapa anaelewa. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna tone, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sukari. Halafu Novemba inafika, na mpaka Machi mbingu inakulipa yote kwa mkupuo.

Tulitandaza tabaka la tatu kati ya mvua mbili. Rulo ikapita mara sita, kama kawaida. Ardhi ikacheza. Nikasema apite mara nne zaidi na awashe mtetemo. Ndiyo, mimi niliyesema hivyo, na nilikuwa na miaka kumi na tatu ya kazi ya udongo, mingi kati yake nikiwa labo, kwenye maabara ya kupima udongo. Ukiwa na mashine ya tani kumi inayonguruma mbele yako na mteja anayepiga simu kila saa, unasahau unachokijua. Ardhi ikacheza zaidi. Maji yakaanza kung'aa juu, na udongo ukashika kwenye ngoma ya rulo kama ugali kwenye mwiko.

Kuna imani moja ambayo nimeikuta kila shantie, kila kiwanja cha ujenzi, kwa dereva, kwa mteja, hata kwa mainjinia: kwamba rulo inakamua maji. Kwamba ukiibana ardhi vya kutosha, maji yatatoka kama yanavyotoka kwenye nguo iliyofuliwa. Kwenye mchanga, kweli, yanaweza kutoka. Kwenye mfinyanzi hayatoki. Njia zake ni nyembamba mno; maji yaliyoko ndani yanahitaji wiki na miezi kutembea umbali ambao rulo inaupita kwa nukta moja. Kinachotoka haraka unaposhindilia ni hewa. Kushindilia ni kufukuza hewa. Ikiwa hewa imekwisha na bado unabana, unabana maji, na maji hayabanwi: yanapokea uzito wa rulo na kukurudishia.

Vijana wanaokuja labo huwa nawaonyesha hesabu ya kiwanja hiki, kwa sababu inamaliza ubishi. Udongo wetu, kwa jaribio la Proctor, yule injinia wa Los Angeles aliyechapisha njia yake mwaka 1933, ulikuwa na kiwango bora cha maji, kile kinachouwezesha kushindiliwa hadi uzito wake wa juu kabisa, cha asilimia 24. Maana yake, kilo 24 za maji kwa kila kilo 100 za udongo uliokaushwa kwenye tanuri. Kwa kiwango hicho uzito wake mkavu unafika tani 1.58 kwa mita moja ya ujazo. Mkataba ulitaka asilimia 95 ya hapo, yaani 1.50. Sasa, siku ile nilichukua sampuli, nikaikausha kwa nyuzi 105 usiku kucha: asilimia 31. Chembe za udongo zina uzito wa takriban mara 2.7 ya maji. Ukigawa 2.7 kwa (1 + 0.31 × 2.7) unapata 1.47. Huo ndio uzito wa udongo ule ikiwa hakuna hata kiputo kimoja cha hewa kilichobaki ndani. Mkataba unataka 1.50. Kwa hiyo hata ungeleta rulo ya tani mia moja, hata ungeipitisha hadi Pasaka, 1.50 haipo. Namba hiyo haikuwemo ndani ya udongo ule siku ile.

Kwa hesabu hiyo mtu anaacha kumgombeza dereva.

Zilibaki njia chache. Kungoja jua, mwezi wa Januari, ni kusema hufanyi kazi. Kuondoa udongo wote na kuleta laterite, ule udongo wa changarawe nyekundu, kutoka kwenye machimbo maana yake ni kamioni za kwenda na kamioni za kurudi, mahali pa kuumwaga ule mbaya, na laterite yenyewe nayo inanyeshewa huko iliko. Mteja aliposikia bei alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Ndipo nikamwambia chokaa.

"Ya kupaka ukuta?"

Kila mtu anauliza hivyo. Wasomaji wangu wa pwani wataikumbuka chokaa ya tambuu, au ile iliyochomwa kutoka kwenye matumbawe na kujengea nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar. Sisi wa Katanga tunaijua kwa jambo jingine: migodi. Viwanda vya shaba na kobalti vinaila kwa tani nyingi, kupunguza makali ya asidi na kutenganisha madini, na kwa sababu hiyo karibu na Likasi, pale Kakontwe, mawe ya chokaa yamechimbwa na kuchomwa kwa miaka mingi. Likasi ni kama kilomita 120 kutoka kwetu. Wajenzi wa miji mingi ya Afrika wangetamani kuwa na chokaa karibu hivyo, na sisi wajenzi wa hapa tunaiacha ipite barabarani kwenda migodini huku tukilalamikia matope.

Lakini si kila chokaa. Ile ya kupaka imeshazimwa. Imeshakunywa maji yake. Karibu robo ya uzito wake ni maji tayari. Inaweza kuubadilisha udongo, lakini haitaukausha. Niliyoitaka mimi ni ile isiyozimwa, iliyotoka tanurini ambako jiwe limechomwa kwa nyuzi 900 hivi na kupoteza karibu nusu ya uzito wake kwa hewa. Hiyo ina kiu. Muuzaji wa kwanza aliniapia kwamba mifuko yake ni hiyo. Nikachukua kiganja kimoja, nikakitia ndani ya kopo la maji, tukangoja wote wawili. Kimya. Maji hata hayakupata uvuguvugu. Ilikuwa imekaa kwenye ghala lenye unyevu hadi ikajizima yenyewe, labda imeanza na kurudi kuwa jiwe. Kwa wa pili kopo lilinguruma, likatoa mvuke, na baada ya dakika chache hukuweza kulishika. Nikanunua kwa huyo.

Sasa inafanya nini ndani ya udongo? Wengi wanadhani inakunywa maji tu, na hapo ndipo wanapoishia kuiona ghali. Kilo moja ya chokaa isiyozimwa inakunywa gramu 320 za maji na kuyafunga. Joto inalotoa, kama lote lingetumika vizuri, lingegeuza karibu nusu kilo nyingine kuwa mvuke, ila halitumiki lote. Na chokaa yenyewe inabaki pale ikiwa unga mkavu unaoongeza upande wa udongo. Piga hesabu kwa udongo wetu: kilo 100 kavu na 31 za maji, tia kilo 2 za chokaa. Unashuka hadi asilimia 28.7, bahati ikiwa nzuri. Wazee wa shantie wana kanuni yao, asilimia moja ya chokaa inaondoa asilimia moja ya maji, nayo haiko mbali na ukweli.

Toka 31 hadi 28.7. Kiwango bora ni 24. Bado uko mbali, utasema. Mteja wangu alisema hivyohivyo, maana nilikosea nikamwonyesha hesabu nusu.

Nusu ya pili ndiyo tamu. Mfinyanzi unateleza kwa sababu vijipande vyake ni vyembamba kama kurasa, na kila kimoja kimejivika maji. Kalsiamu ya chokaa inapofika, inashika nafasi kwenye nyuso za vijipande hivyo, vazi la maji linapungua, vijipande vinavutana na kushikana katika vibonge vidogo. Unaona kwa macho. Asubuhi una tope linalonata kwenye buti, mchana una kitu kama unga wa mahindi uliosagwa nusunusu, unaomwagika kati ya vidole. Maji bado yamo, mengi tu. Ila udongo haujali tena. Nilipourudisha labo, ukiwa na asilimia 2 ya chokaa, kiwango chake bora cha maji kilikuwa kimepanda kutoka 24 hadi 27, na kilele cha uzito kimeshuka kutoka 1.58 hadi 1.53. Maji yalishuka kuelekea shabaha, na shabaha ikapanda kuyafuata. Wakakutana njiani.

Kabla ya kuagiza nilifanya mambo mawili ambayo sitayaacha hata kwa mteja mwenye haraka kuliko yule. Kwanza nilinusa na kuangalia: hakuna udongo mweusi wa dembo, bonde linalotuama maji, humo? Udongo wenye majani yaliyooza unaila chokaa bure. Pili nilihakikisha kifusi hakijachanganywa na mabaki yoyote ya mgodi au ya kiwanda cha asidi, na katika mji huu hilo si swali la kipuuzi. Watu wanabeba kifusi kutoka popote. Salfeti, chumvi ya asidi ya salfa, ikikutana na chokaa, mfinyanzi na maji, zinazaliwa fuwele zinazovimba, na zinachukua muda wake. Kule Las Vegas, Marekani, kuna barabara iliyotiwa chokaa miaka ya 1970 ikafura na kupasuka baada ya kukabidhiwa. Wetu ulikuwa udongo wa hapohapo, safi.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili kwa tabaka. Tabaka la sentimita 25 lenye tani 1.50 kwa mita ya ujazo lina kilo 375 za udongo mkavu chini ya kila mita ya mraba. Asilimia 2 yake ni kilo saba na nusu. Hatukuwa na mashine ya kunyunyiza. Papa kapita akavuta kamba, akagawa kiwanja katika vipande kumi vya mita ishirini kwa tano, na kila kipande kikawekewa mifuko 30 ya kilo 25, safu tano za sita, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kukata mfuko. Ukiona mifuko imepangwa hivyo unajua mara moja kama kuna iliyopungua. Na iliyopungua ilikuwepo, minne, ambayo ilionekana tena nyuma ya kibanda cha mlinzi bila mtu kuulizwa mengi.

Halafu kuna sehemu ninayoisimulia kwa aibu. Tulikuwa na miwani, glavu, na vitambaa vya pua. Nilikuwa nimeangalia upepo unakotoka. Ila pipa la maji safi niliacha liwekwe langoni, mbali, kwa sababu lori la maji lilishindwa kupita kwenye matope. Kijana mmoja alikata mfuko akiwa ameuinamia, unga ukamwingia kwenye kola. Alikuwa anatoka jasho. Jasho ni maji, na chokaa haichagui maji. Tulikimbia naye hadi langoni, tukammwagia ndoo baada ya ndoo, lakini zile hatua mia na ishirini zilimwachia alama shingoni. Angekuwa jicho nisingekuwa naandika kwa utulivu huu. Mchana huohuo mapipa yalikuwa matatu, yamebebwa kwa mikono.

Kuchanganya tulitumia haro ya sahani, ile ya wakulima, iliyokodiwa pamoja na trekta kutoka shamba moja upande wa Kasenga. Dereva wa trekta hakuwa amewahi kulima ghala, na alicheka siku nzima. Baada ya kupita mara tano nilichimba shimo dogo, nikadondoshea ukutani fenolfitaleini, dawa isiyo na rangi inayogeuka waridi kali ikigusa chokaa. Waridi ilishuka vizuri hadi sentimita 18, kisha ikakatika kama imepigiwa rula. Sentimita saba za chini hazikuwa na kitu. Trekta ikarudi, safari hii na magogo mawili juu ya haro kuiongezea uzito, hadi waridi ikafika chini. Bila ile dawa ningeapa kwamba kazi imekwisha, maana juu kote palikuwa pazuri.

Saa tisa mawingu yakasimama juu ya uwanja wa ndege wa Luano. Kwa mfinyanzi mzito kuna hoja ya kuuacha ulale na chokaa yake usiku mmoja kabla ya kuumaliza, na nilitaka hivyo. Lakini udongo uliofumuliwa ukinyeshewa ni sifongo. Tukaufunga kwa rulo haraka, tukaupa mwinamo maji yateleze, mvua ikanyesha usiku, na asubuhi haro ikaufumua tena bila shida. Mchana kulikuwa na jua kwa muda wa saa tatu. Nikapima: 27.8. Rulo ikapita mara sita. Papa kapita akasimama nyuma yake, mikono mgongoni, akapiga kisigino. Hakusema chochote, akaenda kula.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Baada ya siku mbili akaja mkaguzi, kijana mwerevu, na vifaa vyake vya mchanga, ule wa kujaza shimo ili kujua ujazo wake. Alichimba, akapima, akapata 1.46. Akafungua faili, akagawa kwa 1.58, akaandika asilimia 92, akaandika imekataliwa. Nikamwambia udongo aliopima si ule ulio kwenye faili. Ule wa kwenye faili haukuwa na chokaa. Huu una kilele chake kipya, 1.53, na 1.46 juu ya 1.53 ni asilimia 95 na ziada. Akanisikiliza kwa adabu, akasema faili ina namba moja tu ya Proctor.

Simlaumu sana. Amefundishwa kwamba uzito mkubwa ndio ubora, na namba ikishuka kuna mtu ameiba. Ila fikiria: ile namba ilishuka kwa sababu vijipande vimeshikana na kuacha nafasi katikati yao, na udongo huo mwepesi zaidi ulikuwa unabeba kamioni iliyojaa bila kuacha alama ya tairi, wakati ule mzito wa kwenye faili ulikuwa godoro. Uzito kwa ujazo tunaupima kwa sababu ni rahisi kupima. Tunachokitaka ni ardhi isiyokwenda popote. Ofisi yake ilitaka barua, barua ikataka muhuri, muhuri ukataka mtu aliyekuwa safarini. Wiki nzima. Kosa langu ni moja: nilifanya Proctor ya udongo wenye chokaa kwa ajili yangu mwenyewe, nikaiacha kwenye daftari langu, sikuipeleka faili iingie kabla ya kazi kuanza. Siku hizi karatasi hiyo inatangulia mfuko wa kwanza.

Nilirudi pale Juni mwaka uliofuata, kiangazi, kwa jambo jingine. Ghala lilikuwa limesimama, na ukingoni mwa kiwanja, nje ya sakafu, fundi bomba alikuwa anachimba mtaro. Alikuwa amezama sentimita thelathini na amechoka kama aliyechimba mita mbili. Chokaa haikuwa imelala muda wote huo. Ikiwa bado ipo ya kutosha, inaendelea polepole kuyeyusha kidogo kidogo cha mfinyanzi na kukigeuza kuwa kitu cha jamii ya saruji, mwezi baada ya mwezi, joto likisaidia. Sululu ilikuwa inatoa cheche.

"Papa, mulitiamo simenti humu?" akaniuliza.

"Hapana. Chokaa."

"Chokaa ya kupaka?"

"Ndugu yake."

Akautazama mtaro, akanitazama mimi, akaweka sululu chini. Akaenda kumtafuta mwenye ghala wazungumze upya habari ya bei.